Waliobeba Mawe Hawakuwamo Kwenye Fomu

Ipo siku moja ambayo hainitoki kichwani, mwanangu, nami nitakusimulia kwa sababu nimesikia unataka kuiingiza zahanati yako kwenye soko la mtandaoni. Sikukatazi. Mimi nililiingia soko hilo kabla yako, wakati huo mtandao wa uhakika tuliufuata Lushoto mjini, kwenye kibanda chenye kompyuta mbili. Nilikuwa na miaka arobaini na kitu. Ujana ulishaanza kunipa kisogo, ila haraka zake nilikuwa bado ninazo zote.

Kwanza ujue zahanati yangu ilivyopatikana. Nilikuwa muuguzi mkunga katika hospitali moja huko chini, nikachoka kupokea kina mama wa kwetu juu, upande wa Mgwashi, wakiletwa kwa machela baada ya saa nne za mteremko. Nikaacha kazi, nikarudi kwenye kiwanja cha marehemu baba, nikawaambia majirani wakinisaidia kusimamisha jengo, siondoki tena. Mwenyekiti wa kitongoji akatangaza msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, msikitini siku ya Ijumaa na kanisani siku ya Jumapili, na watu wakaja. Wagosi, wanaume wetu, walivunja mawe, wanawake wakayapandisha kichwani kutoka mtoni. Kazi ile ilimaliza kiangazi kizima, na hakuna aliyepata malipo zaidi ya uji na makande.

Jengo likasimama, lakini chumba cha kujifungulia kikabaki kuta tupu, hakina umeme wala mashine ya kumwangalia mtoto tumboni. Ndipo nikasikia habari za soko hilo. Unajua linavyokwenda. Wenye zahanati wanaweka maelezo na picha, wenye mitaji wanapita kuangalia, na anayependezwa ananunua hisa. Si wizi, na wala si sadaka. Mwenye mtaji anataka kujua anauweka kwa nani, na ana haki hiyo.

Fomu ilikuwa na maswali mengi. Fundi wa kompyuta anasoma, mimi najibu, yeye anaandika. Tukafika kwenye swali la wamiliki, na la jengo limejengwa na nani. Nikamweleza habari za msaragambo. Akaacha kuandika.

"Hao waliobeba mawe wana karatasi yoyote, mama?"

"Hawana."

"Basi fomu haina pa kuwaweka."

Sikubishana naye. Nilimwambia aandike kwamba nimejenga mwenyewe, kwa akiba yangu, na mmiliki ni mimi peke yangu. Simsingizii fundi, maneno yale yalikuwa yangu, na wala hayakuniuma. Nilijiona kama muuzaji anayepanga nyanya kwenye tenga, zile kubwa juu. Mahali pa kueleza soko tukaandika kwamba watu wa milima ile ni wateja watarajiwa wasio na huduma nyingine karibu. Nikaona imekaa vizuri.

Miezi michache baadaye akapatikana mwekezaji. Alikubali kuleta mashine pamoja na mwakilishi wake, huyo alione jengo, tusaini, kazi ya chumba ianze. Wiki hiyohiyo mvua ya masika ikabomoa barabara yetu kwenye kona ya kijito, na lori la mashine likakwama chini. Sikuhangaika. Barabara ile tumezoea kuitengeneza wenyewe, tena kwa siku moja. Mwenyekiti akatangaza msaragambo, nami nikapika makande sufuria kubwa.

Hakuja mtu.

Niliwasalimia waliopita, wakaitikia kwa heshima zote. Hakuna aliyenuna. Walikuwa na majembe begani, wanakwenda mashambani kwao. Ilipofika saa tano nikafunika sufuria, nikaenda kwa jirani yangu Mama Hozza, nikamkuta anapalilia maharage. Nikamuuliza kumetokea nini.

Akanieleza bila kuinua sauti. Mwalimu mmoja wa sekondari ya kata aliuona ukurasa wetu kwenye simu, akawasomea watu pale dukani, kila kitu. Kisha Mama Hozza akaegemea jembe, na hapa nakupa maneno yake kama alivyoyasema.

"Mawe yale nimeyabeba Hozza akiwa tumboni. Kwenye huo ukurasa wako nimejitafuta, nimejikuta mteja. Sawa. Lakini mteja hatengenezi barabara ya mwenye duka."

Niliona aibu, mwanangu, aibu ya kutokwa jasho na huku kuna baridi. Nikamwomba radhi palepale kwenye matuta. Akasema radhi yangu ameisikia, ila hakubeba mawe peke yake, nami sikumkosea yeye peke yake.

Nikateremka kwa miguu hadi kwenye lori. Mwakilishi alikuwa dada mmoja mpole, viatu vimejaa tope, amekaa mbele na dereva. Ningeweza kumwambia kuna msiba kijijini, watu watakuja kesho. Angeniamini. Nilimweleza jengo lilivyojengwa na mimi nilivyoandika. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nina mkataba wowote na wanakijiji, nikasema sina. Akasema hawezi kusaini juu ya maelezo ambayo mwenyewe nimekiri si ya kweli, na kwamba itambidi aripoti. Hakunikaripia. Lori likageuza kwa shida, likashuka na mashine yetu, na baada ya siku chache ukurasa wetu ukaondolewa sokoni.

Asubuhi iliyofuata lori kuondoka, nikasikia majembe. Watu walikuwa kwenye ile kona, Mama Hozza akiwemo, wanajaza mawe palipobomoka. Nilidhani hawajajua kwamba lori limeondoka. Walijua. Mwenyekiti aliniuliza, kama barabara haipo, machela itapita wapi? Nikachukua jembe, wakanisogezea nafasi, na hakuna aliyelitaja lile jambo mpaka tulipomaliza. Makande ya jana tuliyapasha moto tukala.

Chumba kile kilichelewa miaka mitatu. Katika miaka hiyo machela ilipita pale kwenye kona mara nyingi, na mara moja ilirudi na mama aliyefunikwa shuka. Mashine ingemwokoa? Mimi ni mkunga, nimejiuliza swali hilo muda mrefu, na bado sijui.

Tulichofanya ni kuandikisha kikundi, kila aliyebeba mawe jina lake limo, na kikundi kikapewa hisa zake kwenye zahanati. Ndipo tukarudi sokoni. Safari hiyo fomu niliijaza mwenyewe. Mwekezaji mwingine akaja, akaambiwa sehemu iliyobaki ni ndogo kuliko aliyoitaka. Alifikiri kidogo, akakubali.

Kwa hiyo ingia sokoni, mwanangu, mitaji ipo na wagonjwa wanaihitaji. Ila kabla hujaigusa fomu, kaa na watu uliojenga nao, mkubaliane wao ni nani katika zahanati hiyo, na makubaliano yaandikwe kwenye karatasi yenye muhuri. Kila unachotaka mgeni akisome, kisome kwanza kwa sauti mbele ya majirani, kwa Kiswahili, na kwa Kishambaa pia kama yupo bibi ambaye Kiswahili kinampita kando. Ukifika kwenye sentensi ukatamani kuiruka, ifute. Na fomu ikikosa pa kuandika ukweli, waandikie wenye soko wakupe nafasi, na wakikataa, tafuta soko lingine. Utachelewa. Mimi nilichelewa zaidi kwa kuharakisha.

Mungu akupe mtaji wenye heri, kina mama wajifungue salama mikononi mwako, na siku utakapotangaza msaragambo, watu waje.