Mpigaji Anajulikana

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa muziki hata kidogo. Nilikunja nyaya. Duka la kukodisha vyombo vya muziki lilikuwa mjini Kisii, na Bosi wa Mitambo, mtu mnene aliyevaa koti hata jua likiwaka, alinitupia waya wa spika uliojaa mafundo. "Ukishindwa na hiyo," akasema, "rudi kwenu Gesima ukachune majani chai." Sikurudi. Na mpaka leo simwamini DJ asiyejua kukunja nyaya zake.

Hawa wa siku hizi wanaobonyeza kitufe kompyuta ikawaoanishia nyimbo, wacha ninyamaze. Sisi tulioanisha kwa sikio. Muziki wetu, hausi, una ngoma nzito inayopiga nne nne bila kupumzika. Wimbo mmoja unatoka kwenye spika, mwingine unausikia peke yako kwenye hedfoni, nawe unausukuma na kuuvuta mpaka ngoma mbili ziwe moja. Ukikosea, inasikika kama gunia la viazi likiporomoka kwenye ngazi.

Kutoka dukani nilihamia ukumbi mmoja wa Nyamira, nyuma ya duka la mabati. Hatukuwa na bango wala tangazo. Kila Jumapili mchana walimu, mafundi na wachuna chai walikuja kucheza, na saa kumi na mbili jioni kila mtu alishika njia ya kwao. Meneja wa Ukumbi alikuwa na sheria moja: jina la wimbo halitajwi. Hiyo ilikuwa desturi yetu sote. Sidii tulizikwangua maandishi kwa wembe, na kompyuta zilipokuja tukayapa mafaili majina ya uongo, ili mpinzani akichungulia asiambulie kitu. Nyimbo zangu bora niliziita Mahubiri, kwa namba. Tulijiona wajanja sana.

Baadaye nikaanza kutengeneza nyimbo mwenyewe, na ndipo nilipomrekodi jirani yetu wa Gesima, mzee mpigaji wa obokano, kinubi chetu cha nyuzi nane. Nilimrekodi kwenye ghala lake la ndizi, maikrofoni nimeivisha soksi ili isishike upepo. Obokano haifuati saa. Mzee akimsifu mtu alikaza mwendo, akiwakumbuka wafu aliulegeza.

Meneja hakupenda. "Nyoosha huyo mzee," aliniagiza. Kunyoosha ni kukata mapigo kwenye kompyuta na kulipanga kila moja mahali pake, sawasawa kama mahindi shambani. "Watu watajikwaa!"

Nilikataa. Niligonga ngoma kwa kidole kwenye kompyuta, pigo moja moja, dakika tisa nzima, ngoma imfuate mzee badala ya mzee kuifuata ngoma. Jumapili ile hakuna aliyejikwaa. Walipiga kelele wimbo urudiwe.

Mzee aliniomba jambo moja tu. "Wazee wa kanisa walinifuta kwa daftari sababu ya hii obokano," alisema. "Wewe tata, kijana yangu, utaje jina yangu kwa hiyo ngoma yako. Usinifute mara ya pili."

Nikamwahidi, kisha nikaenda kumuuliza Meneja.

"Yaya! Hapana!" akafoka. "Ukitaja tu, Jumapili ijayo ukumbi ingine iko naye."

Nikatii. Faili nikaliita Mahubiri 7. Mzee alifariki bila jina lake kutajwa ukumbini hata mara moja.

Nilistaafu masikio yangu yalipoanza kupiga filimbi yenyewe. Majuzi niko nyumbani, redio imewashwa, nikausikia wimbo wangu. Mtu aliurekodi kwa simu ukumbini, mwingine akaunyoosha ukawa kama shati la mwanafunzi siku ya Jumatatu. Mtangazaji akasema, "Mpigaji hajulikani." Hajulikani! Nilipiga simu kituoni, wakaniunganisha hewani.

"Mzee, uko na ushahidi?" mtangazaji akauliza.

"Ninalo faili lenyewe."

"Linaitwaje?"

"Mahubiri 7," nikamwambia. Akacheka, kaunti mbili zikisikia, kisha akaweka tangazo la sabuni.

Kesho yake alikuja Kemunto, binti wa mzee, kikapu cha chai bado kiko mgongoni. "Si ni wewe ulirekodi baba? Mbona wanasema hawamjui?"

"Sikumtaja, Kemunto. Nilikatazwa."

Alikitua kikapu chini. "Kila Jumapili jioni alikuwa anakaa kwa barabara. Anauliza wenye wametoka Nyamira kama wamesikia jina yake."



Nimemkasirikia mtangazaji na kicheko chake. Nimemkasirikia aliyenyoosha, na Meneja, na wajanja wote wanaoita kitu cha mtu "cha kale" ili wakichukue. Hasira hiyo ni ya haki na sitaiacha. Lakini wao walikuta jina limeshakwanguliwa, na wembe niliushika mimi. Ninyi mnaorekodi wazee leo, kabla hamjagusa ngoma, mwacheni mpigaji ajitaje mwenyewe, ndani ya wimbo, mahali ambapo mtu hawezi kumkata bila kuharibu kazi.

Kemunto alipoondoka niliwasha kompyuta nikalibadilisha faili jina. Kazi niliyoiahirisha mpaka mtu akafa ilinichukua muda wa kuandika maneno matatu: Makori wa Gesima.