Mhunzi wa Lango

Fundi saa mmoja wateja walimpachika jina la Dakika Tano, kwa kuwa ndiyo ahadi yake kwa kila mtu, hata kwa mwenye saa iliyozama majini wiki nzima. Kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi za jengo la maduka, kikimtosha mtu mmoja akikunja magoti. Juu ya kibanda palikuwa na kibao cha buluu kilichoandikwa MHUNZI WA LANGO. Wateja wakiuliza lango lipi tena na yeye anatengeneza saa, aliwasimulia habari ndefu, kioo cha kukuzia kikiwa kimembana jichoni, mpaka wengine wakasahau kilichowaleta.

Habari yenyewe ilitoka kwenye gemu. Utotoni, mjomba aliwaletea yeye na mdogo wake wa kike mashine ya michezo ya kuchomeka kwenye runinga, pamoja na kaseti moja tu. Haikuwa gemu ya magari wala ya mpira. Ilikuwa ya safari: mashujaa wanne wanazunguka nchi nzima, wanapigana na mazimwi, wanakusanya dawa na silaha, na katika kila kijiji watu wanawasemesha kwa maandishi ya Kiingereza yanayotokea sehemu ya chini ya kioo cha runinga. Mwaka huohuo baba yao aliugua. Kaka mtu, ambaye Kiingereza kilimshinda, akatolewa darasa la sita akajifunze kazi ya saa, mdogo mtu akabaki shule. Ikawa kila jioni kaka anashika pedi ya kuchezea, mdogo anasoma na kumtafsiria.

Kati ya wale wanne, kaka alimpenda mhunzi, jamaa mfupi mwenye nyundo. Na ajabu ni kwamba kila kijiji kilimpenda huyohuyo. "Wanasema karibu mhunzi," mdogo mtu alisoma. "Wanasema bila wewe lango la mwisho halifunguki." Kijana aliyeshinda akisugua kutu ya saa za watu alikwenda kulala na maneno hayo, na asubuhi akaamka nayo. Mashine iliharibika kabla hawajalifikia lango lenyewe.

Miaka thelathini ikapita. Mdogo mtu, sasa mwalimu mkuu wa shule moja ya mbali, akapiga simu kwamba Jumamosi anakuja. Dakika Tano akaitoa mashine kwenye sanduku, akalehemu nyaya mbili zilizoachia, akatia betri mpya ya kumbukumbu kwenye kaseti, na picha ikarudi. Safari hii, akaapa, wataimaliza. Akaanza kucheza mapema kila atokapo kazini, ili mgeni akifika lango liwe karibu. Mazimwi hayahitaji kusomewa, na maandishi aliyapita tu, maana aliyajua kwa kichwa.

Jumatano mkewe, mchapaji wa barua za Kiingereza katika ofisi ya mawakili, alikaa karibu yake akikunja nguo. Mashujaa wakaingia kijijini. Mke akatupa jicho kwenye kioo, akacheka.

"Unacheka nini?" mume akauliza.

"Hawa watu hawana adabu. Wanamwambia huyu mfupi asiwakaribie, ananuka moshi. Wanamtaka binti mfalme, yule shujaa mwenzake."

"Hebu soma tena."

Akasoma tena, ikawa ni yaleyale. Kijiji cha pili wakamwita mhunzi mbeba mizigo, wakamwambia angoje nje. Cha tatu mke alikuwa hacheki tena, kwa sababu alikuwa amemtazama mumewe usoni na kukumbuka kibao.

"Baba watoto, pengine wifi alikuwa hajui Kiingereza. Si alikuwa mtoto?"

"Pengine," akasema, akazima runinga.

Alikuwa na aibu ya kuficha uso. Kama mdogo wake alibahatisha, basi yeye ameipa kazi yake jina la kubahatisha. Kama alijua, ndiyo mbaya zaidi: amedanganywa tangu udogo, na uongo huo ameutangazia mji mzima kwa kinywa chake. Alhamisi asubuhi alikibandua kibao. Wateja akawaambia kinapakwa rangi.

Jumamosi mdogo mtu alipitia kwanza kibandani. Akaona matundu mawili ya misumari.

"Kaka, kibao kiko wapi?"

"Kinapakwa rangi."

Mwanamke huyu ana miaka ishirini ya kuambiwa na wanafunzi kwamba daftari limesahaulika nyumbani. Hakuamini, ila alimngoja afunge kibanda.

Baada ya chakula cha mchana wakakaa mkekani mbele ya runinga, kaka na pedi yake. Hawakukawia kufika langoni. Maandishi yakatokea. Mdogo mtu akakohoa kidogo, kama zamani.

"Wanasema..."

"Soma kilichoandikwa," kaka akamkata.

Mke aliinuka akaenda jikoni, ingawa huko hakukuwa na kitu motoni.

"Umejua lini?" mdogo mtu akauliza.

"Jumatano. Miaka yote hii ulikuwa unanionea huruma."

"Sikukuonea huruma, kaka."

"Sasa ulikuwa unafanya nini?"

Mwalimu mkuu anayetetemesha shule nzima alikuwa anavuta nyuzi za mkeka.

"Siku ile ulitoka kazini mara ya kwanza, vidole vimekatikakatika. Mimi nilikuwa nimetoka shule, naandika kwenye daftari lako la hesabu, kurasa ulizoziacha tupu. Jioni tulipocheza nikaona kijiji kinamfukuza mhunzi. Wewe ulitolewa ili mimi nibaki, na nyumba nzima hakuna aliyekwambia asante. Nilikuwa na miaka kumi na moja, naona haya kukwambia mwenyewe. Nikawatia wao maneno mdomoni."

Kaka aliangalia pedi mikononi mwake.

"Haya, lango linasemaje?"

"Linamfungukia binti mfalme. Mhunzi hatajwi."

"Hata jina?"

"Hata jina."

"Watu hawa kweli hawana adabu," akasema, na mdogo wake akacheka huku anafuta macho kwa upindo wa khanga. Kaka akabonyeza kitufe. Lango likafunguka, mashujaa wakaingia mmoja mmoja, mhunzi wa mwisho na nyundo yake begani.

Jumatatu kibao kilikuwa mahali pake, na rangi yake ileile ya zamani. Mteja mmoja mgeni alimkabidhi saa, akakisoma, akauliza lango lipi hilo. Majirani wa kibanda wakajiandaa kwa hadithi wanayoijua kwa kichwa.

"La shule," Dakika Tano akamjibu. "Nilimfungulia mdogo wangu, akapita. Nipe dakika tano."