Kamusi na Magunia ya Chumba cha Tatu

Pale ghalani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Kamusi, na hata mkewe akipiga simu ya getini alimwambia mlinzi, "Niitie Kamusi." Alikuwa mtunza ghala kwa miaka kumi na tisa. Shule aliishia darasa la saba, lakini Kiingereza alikiokota mwenyewe: kwenye maboksi, kwenye lebo za dawa, kwenye mikataba ya watu walioogopa kusaini wasichokielewa. Wachukuzi walisema Kamusi akikosa neno, basi Waingereza hawajalitunga. Yeye alicheka, ila hakukanusha.

Meneja mpya alikuja na mtindo wake wa kuandika. Mmepishana mlangoni, mmesalimiana vizuri, halafu ukifika mezani unakuta karatasi yake ya Kiingereza inakungoja. Jumatatu moja Kamusi akakuta hii: "Dust the bags in Room 3 before they go to the school." Chini yake sahihi, basi.

Chumba cha tatu kilikuwa na magunia arobaini ya maharage, yakisubiri lori la kuyapeleka shule ya bweni. Neno lenyewe, "dust", Kamusi alilijua tangu ujana, alipokuwa kibarua kwenye shamba la pamba. Huko ndege ndogo ilipita juu ikimwaga dawa ya unga, na msimamizi aliwaambia vibarua kwamba leo ni siku ya "dust", wajifunge vitambaa puani. Neno ulilojifunza ukiwa na njaa halikutoki.

Hata hivyo alisita. Maharage ya kuliwa yapakwe dawa siku ile ile yanapoondoka? Akamtafuta meneja, akaambiwa yuko mkutanoni. Akampigia simu, haikupokelewa. Akakumbuka kwamba wiki iliyopita meneja alilalamika mbele ya watu wote kuhusu fukusi kwenye nafaka. Angeweza kungoja. Lakini lori lilikuwa tayari linaunguruma uani, na mchukuzi mmoja akamtania, "Vipi Kamusi, leo neno limekushinda?"

Hilo ndilo lililomsukuma. Dawa ya nafaka ilikuwa imekwisha, akachukua kopo la dawa ya mbegu, lile lenye picha ya fuvu. Kidogo tu, alijiambia. Akafunga kitambaa puani, akapita gunia hadi gunia akitikisa kopo. Unga mweupe ukatua juu ya magunia, mwingine ukapenya katikati ya nyuzi.

Lori liliondoka saa saba mchana.

Mkewe alikuwa mfanya usafi katika nyumba ya wageni. Jioni hiyo alikuwa anapakua chakula, na Kamusi, kama kawaida yake, akimhadithia mambo ya kazini. Alipomsomea maneno ya ile karatasi, mkewe akaurudisha upawa sufuriani.

"Ukafanyaje?"

"Nikayapaka dawa."

"Baba watoto, neno hilo mimi naambiwa kila asubuhi. Dust meza, dust madirisha. Ni kupangusa vumbi."

"Ni kutia."

"Kwako ni kutia. Kwangu ni kutoa."

Hapo Kamusi akakumbuka. Kwa wiki mbili sasa kulikuwa na ujenzi jirani na ghala, na vumbi la saruji liliingia kwa madirisha ya chumba cha tatu. Asubuhi ile ile yeye mwenyewe alipiga chafya humo, akafuta vumbi la meza kwa kiganja. Akachukua simu.

Simu ya shule iliita mpaka ikakata. Wakakodi pikipiki, mkewe akapanda nyuma yake. Njia nzima Kamusi alikuwa anahesabu kimoyomoyo maharage huchukua muda gani kuiva.

Walipofika, watoto walikuwa wamepanga mstari na sahani mikononi, na harufu ya maharage imejaa uwanja mzima. Kamusi alipita katikati yao akipaza sauti wasile. Mpishi, mwanamke mnene mwenye kilemba, akamzuia mlangoni. Akamweleza kwamba haya ya leo ni ya akiba ya zamani. Ya gunia jipya ameyachagua na kuyaosha, ameyaloweka kwa ajili ya kesho.

"Na maji uliyooshea?" Kamusi akauliza.

"Nimemwaga nyuma."

Wakaenda nyuma ya jiko. Bata wanne wa shule walikuwa wamelala ubavu kando ya dimbwi, mmoja bado anapiga miguu hewani. Mpishi aliwatazama, kisha akaitazama mikono yake.

"Tangu alasiri macho yananiwasha," alisema polepole. "Nikadhani moshi."

Mate yalikuwa yanamtoka bila yeye kujua. Mke wa Kamusi akamshika kiwiko kabla hajaanguka.

Mpishi alilazwa siku tisa. Alirudi jikoni, lakini mkono wa kulia unatetemeka mpaka leo; upawa hushikiwa na mwenziwe.

Kikao cha uchunguzi kilifanyika ghalani wiki iliyofuata tukio hilo. Meneja alisema hata mtoto anajua neno lile ni kupangusa. Mwenyekiti, mama mmoja mpole kutoka makao makuu, akaagiza kamusi kubwa iletwe. Akasoma maana ya kwanza: kuondoa vumbi. Akasoma ya pili: kunyunyizia unga. Alirudia kuzisoma zote mbili, akafunga kitabu, akamuuliza Kamusi alikuwa anajua ipi.

"Nilijua moja, mama. Na nilihisi haikai sawa. Nikaona aibu kungoja."

Meneja alipewa onyo. Kamusi aliondolewa ghalani, akawekwa getini. Hakubisha.

Magunia yalirudishwa ili yateketezwe. Wakayahesabu, wakarudia: thelathini na tisa, pamoja na lile lililofunguliwa. Dereva aliapa hakusimama popote njiani. Mtunza stoo wa shule alikuwa amesaini kupokea arobaini bila kuhesabu. Wakatangaza redioni kwamba gunia moja la maharage yenye sumu limepotea, wakabandika matangazo, na Kamusi ndiye aliyeyaandika, kwa Kiswahili cha kumwelea kila mtu.

Siku zake za mapumziko sasa huzunguka masokoni. Hutia mkono ndani ya magunia ya maharage yaliyo wazi, kisha hunusa vidole. Wauzaji humdhania mnunuzi mgumu, wakampunguzia bei. Yeye hushukuru, akaenda kwenye meza inayofuata.