Nyumba Iliyoanzia Uani

Mtu akipita barabara ya sokoni Nachingwea na kuitazama nyumba wanayoiita Kwa Mhindi, angeapa kwamba humo hakai mtu. Lipu ya mbele ilikuwa imebambuka na kubaki mabakamabaka, kama mgongo wa mbuzi mwenye upele. Nguzo mbili za baraza zilikuwa zimesimama, ya tatu imelala. Milango mikubwa ya mbao, ile ya kukunja ambayo zamani ilifunguliwa asubuhi duka zima likaonekana, ilikuwa imevimba kwa mvua na kupigiliwa misumari. Juu yake, kwenye ufa, ulikuwa umeota mtini mdogo.

Faridi alitamani kuung'oa mtini ule tangu mwaka wa kwanza. Mkewe, Zuleha, alimkataza. Mwaka mmoja wa kiangazi kikali alipanda juu ya stuli na kuumwagilia maji.

Hakuwa mwendawazimu. Nyumba ilijengwa enzi za mradi wa karanga, na Mhindi alipofunga duka akaenda zake, alimwachia kwa bei nafuu Bibi Hajra, aliyekuwa akimletea ufuta kutoka vijijini. Bibi Hajra alilea humo watoto watatu: Mwanne, Seleman, na mama yake Zuleha, ambaye sasa ni marehemu. Nyumba ya bibi, kwa Wamwera, kabila lao, haiwi ya mtu mmoja. Ni ya watoto wa tumbo lake na wajukuu waliozaliwa na mabinti zake, na msemaji wao ni mjomba. Bibi alipofariki, Seleman alikuwa ameshahamia Ruangwa na Mwanne yuko shambani Mbwemkuru. Wakabaki popo na mbuzi wa jirani. Zuleha na Faridi walipooana na kuanza kuhangaika na vyumba vya kupanga, Mjomba Seleman ndiye aliyesema, "Kaeni mle, muulinde ukuta."

Kuulinda ukuta, basi. Hakusema kuutengeneza.

Na Zuleha alikuwa ameona yaliyompata dada yake, Zulfa. Huyo aliachiwa mikorosho ya ukoo kule Nambambo, mizee, imemezwa na pori. Yeye na mumewe wakafyeka, wakapogoa, wakapuliza dawa. Msimu mikorosho ilipozaa vizuri, binamu walitokea kila upande na magunia kwapani. Zulfa alikuja kwa mdogo wake mikono imejaa sugu, akasema, "Cha ukoo ukikipalilia, mdogo wangu, magugu ni yako, korosho ni za wote."

Ndiyo maana Zuleha alipoingia Kwa Mhindi alimwambia mumewe, "Tutaanzia uani. Na mbele tusiguse."

Wakaanzia uani, kweli. Faridi hakuwa fundi. Alikuwa akiendesha mashine ya kusaga, na jioni alirudi na unga kwenye nyusi kama mzee. Alijifunza kwa kuharibu. Ukuta wa jikoni aliupiga lipu mara mbili ikadondoka, hadi alipogundua kuwa chini ya lipu ya zamani kulikuwa na udongo uliotaka kuloweshwa kwanza. Mbao za dari aliziokota moja moja kwenye ghala lililobomolewa, akazibeba kwa baiskeli. Zuleha naye alikuwa kwenye kikundi cha akina mama wanaobangua korosho, na pale maganda yalikuwa hayana mwenyewe. Aliyachemsha, akakamua yale mafuta meusi yanayobabua ngozi, na mume akapaka kila boriti kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti. Mchwa hawakurudi. Vidole vya Zuleha vilibaki na madoa ambayo hata sabuni ya magadi haikuyatoa, na Faridi alizoea kuvishika akasema, "Hii ni pete. Pete za hivi hazipotei."

Kila baada ya msimu walitengeneza kitu kimoja. Mwaka huu jiko, mwaka unaofuata chumba cha binti yao Sabaha, halafu ukumbi wa ndani, ambao walipokwangua kinyesi cha popo walikuta sakafu nyekundu, nzima, inayong'aa kama imepakwa jana. Mwisho wakafika chumba chao. Hapo Faridi alijimaliza. Dari ya mbao zilizopangwa kwa mshazari, kuta nyeupe za chokaa, na dirisha la vibao alilolikwangua rangi kuukuu hadi mninga wenyewe ukatokea.

Yote hayo yalikuwa nyuma ya pazia moja. Mbele ya pazia palikuwa na chumba cha duka, kilichoachwa vilevile, na ndipo walipokaribishwa ndugu. Mjomba akija, alikaa pale chini ya bati lenye matundu, na kama ni masika Zuleha aliweka ndoo katikati, matone yakilia ndani yake, wao wakizungumza habari za ugonjwa na mashamba. Mjomba hakupita pazia. Mwanaume mwenye heshima zake haendi kuchungulia mpwa wake analala wapi na mumewe.

Aliyeumia alikuwa Faridi, ingawa hakulalamika sana. Vijana wa bodaboda walimwona akitoka pale kila asubuhi.

"Shem! Popo wameamkaje leo?"

"Wanawasalimu. Wanauliza lini mtarudi nyumbani."

Walicheka, naye akacheka. Lakini kila Desemba, kabla ya mvua, alimwambia mkewe, "Mama Sabaha, niachie hata baraza tu. Nguzo moja."

"Mwakani."

"Mwanaume anajenga, halafu anajulikana mjini kama mtu wa gofuni."

"Mwakani, baba. Wakishazoea kwamba tupo."

Kisha siku moja, Zuleha akiwa anabangua, simu ikalia. Alikuwa Mjomba Seleman, na sauti yake ilikuwa ya upole, ile ya mtu anayeleta zawadi.

"Mwanangu, nimekupatia nafuu. Kuna mtu hapa Ruangwa, hawa wageni wa madini, anakitaka kile kiwanja. Atabomoa ajenge gesti. Nimekubaliana naye kwa mdomo."

"Abomoe, mjomba?"

"Sasa kuna nini cha kubakiza pale? Mwezi wa saba nilipita na basi, nikageuza uso. Niliona haya mwanangu. Mtoto wa dada yangu analala gofuni, mti umeota kichwani, mimi mjomba wake nipo. Kila mtu atapata fungu lake, na nyinyi mtapanga pazuri. Jumamosi nakuja na dada Mwanne tupime."

Zuleha alisema ahsante. Neno lilimtoka lenyewe. Alikaa na kisu chake na korosho mkononi kwa muda, wenzake wakidhani amepewa habari ya msiba.

Faridi alimsikiliza hadi mwisho, akiwa bado na unga usoni. Zuleha alingoja ghadhabu. Angekuwa na haki nayo.

"Basi mwonyeshe," alisema.

"Akishaona ataitaka."

"Asipoona ataibomoa."

"Si uongee naye wewe? Wewe ndiye uliyejenga."

"Mimi mkwe, Mama Sabaha. Mkwe kwenye kikao cha ukoo ana masikio tu." Alinawa uso polepole. "Mimi nitakamata kuku. Maneno ni yako."

Jumamosi wageni wakashuka, Mjomba na kanzu yake iliyopigwa pasi, Mama Mkubwa Mwanne na fimbo, kwa sababu magoti yake yalikuwa hayamtii. Mjomba alikuwa na utepe wa kupimia mfukoni. Aliutazama uso wa nyumba, akatikisa kichwa.

"Tupimie huku nje tu. Ndani paa lisije likatuangukia."

"Karibuni ndani kwanza, mjomba," alisema Zuleha. "Karibuni mpaka ndani."

Alishika pazia, akalivuta pembeni. Mjomba alirudi nyuma nusu hatua na kutazama pembeni, kama mtu aliyekuta bafu bila mlango.

"Huko ni kwenu, mwanangu."

"Huko ndiko ninakotaka uje."

"Mimi siingii chumbani kwa mkwe wangu!"

"Nitaingia mimi," alisema Mama Mkubwa. "Mimi mwanamke, na miguu inaniuma, natafuta pa kukaa." Akapita na fimbo yake. Wakasikia fimbo ikigonga sakafu, kisha ikanyamaza. Mara sauti ikapasuka kutoka chumbani.

"Selemani! We Selemani! Acha adabu zako, njoo uone walichotuficha!"

Mjomba aliingia kwa shida, akiwa amejikunyata kama kwamba ukuta ungemchafua kanzu. Alipofika ukumbini akasimama. Alitazama sakafu aliyoitambalia akiwa mtoto. Akaenda chumba cha Sabaha, akaenda jikoni, akarudi, na mwishowe akasimama kwenye mlango wa chumba, akiinua kichwa kwenye dari.

"Nani kafanya haya?"

"Mume wangu."

"Yule wa mashine?"

"Huyo huyo."

Mjomba alinyoosha mkono akagusa fremu ya dirisha, taratibu, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Alipogeuka, Zuleha aliona hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Na mimi ukaniwekea ndoo."

Zuleha aliinamisha kichwa.

"Miaka yote hii, mwanangu. Nakaa pale, maji yananidondokea begani, nakuonea huruma. Kumbe ulidhani nitakunyang'anya."

Angeweza kusema hapana. Uongo wa adabu ulikuwa ulimini, umeshavaa viatu. "Ndiyo, mjomba," alisema. "Nilidhani. Niliona mikorosho ya Zulfa."

"Ile mikorosho..." alianza Mjomba.

"Ile ilichukuliwa," alikatiza Mama Mkubwa, ambaye alikuwa ameshakaa kitandani. "Usimung'unye maneno. Ilichukuliwa, na wewe ulinyamaza, na mimi gunia langu moja nilipata. Mtoto ana macho."

Mjomba alitoka hadi uani, akapiga simu akiwa amewapa mgongo, na Zuleha, aliyesimama mlangoni, alisikia vipande tu: samahani bwana, hapana, haipo tena, nilisema gofu, sikuwa nimeingia. Mtu wa upande wa pili alionekana kuwa na mengi ya kusema. Mjomba alisikiliza yote. Kisha akairudisha simu kwenye kanzu, akarudi chumbani, Zuleha nyuma yake.

"Haibomolewi," alisema.

Lakini Mama Mkubwa alikuwa bado hajamaliza. Alikuwa akijaribu godoro kwa kiganja, huku na huku.

"Mimi Mbwemkuru siwezi tena," alisema. Sasa hakuwa akitania. "Kisima kiko mbali, hospitali iko huku. Kila mwezi napanda gari kuja kuchukua dawa, nalala kwa watu. Sikuwa na pa kusema nakuja, maana nilijua hapa hapakaliki. Chumba hiki kinanitosha. Nilizaliwa ndani yake."

Hapo Zuleha aliona jambo aliloliogopa miaka yote likiingia, halina gunia kwapani. Lilikuwa na fimbo na magoti yaliyovimba. Akatazama dari. Kila ubao wake alikuwa ameushika yeye upande wa chini, Faridi akipigilia upande wa juu.

Mjomba pia aliitazama. "Mkwe!" aliita. "Njoo hapa. Kaa, kaa humu humu. Leo una mdomo. Mama yako anataka chumba chako. Unasemaje?"

Faridi aliingia na kuku kwapani, maana hapakuwa na mtu wa kumwachia. Alimtazama mkewe, si mjomba. Zuleha hakujua macho yake yalisema nini, lakini Faridi aliyasoma, akageukia kitandani.

"Mama, chumba unacho," alisema. "Ila hicho kitanda upande wa kushoto kinalia. Nitakikaza kabla hujalala."

Mama Mkubwa Mwanne akaanza kulia, na alipoona wanamtazama akamlaumu kuku kwa kumpeperushia manyoya.

Kabla mvua hazijaanza, mume na mke walihamishia vitu vyao kwenye chumba cha duka. Sabaha aliona raha, maana bibi alikuwa na hadithi na karanga za kukaanga. Zuleha, kusema kweli, alilia siku mbili. Aliposafisha ukumbi alikipita kile chumba bila kugeuza kichwa. Siku ya tatu akasikia vishindo upande wa barabarani, akatoka.

Faridi alikuwa juu ya ngazi, amejifunga shati kichwani, anakwangua lipu ya zamani kwa mwiko, na pale alipomaliza ameshapaka chokaa. Mtini ulikuwa chini, mizizi juu. Nguzo iliyolala ilikuwa imesimama na kushikiliwa na magongo, haijanyooka sawasawa. Mama Mkubwa alikuwa kwenye kiti barazani akimwelekeza mahali alipopasahau, na mara nyingi alisema kweli.

Bodaboda mmoja alipunguza mwendo. "Shem! Kumbe humo mnakaa watu?"

"Ngoja chokaa ikauke, utaomba uoe hapa!"

Alicheka peke yake kule juu, cheko ambalo Zuleha hakuwa amelisikia tangu wachumbiane. Zuleha alichota chokaa kwenye karai, akampandishia. Faridi akainama kuipokea. Sikio lake lote lilikuwa jeupe hadi shingoni. Watu walikuwa wakienda sokoni na vikapu vyao, wanatazama. Zuleha, ambaye hata kumwita mumewe kwa jina mbele za watu alikuwa akiona haya, alipanda vipandio viwili, akachukua pembe ya kanga yake, akamfuta sikio polepole hadi likawa safi.