Siku Tuliyompasua Mbuta Mzima

Namshukuru Mungu aliyeyajaza maji viumbe hai, kisha akatupa sisi mikono ya kuvivua na vinywa vya kulisifu jina lake. Leo mimi ni mzee wa kanisa, mwanamke mwenye mvi za kwanza, na naona ni haki nianze na yeye kabla sijaanza na samaki. Huyu samaki nitakayemsimulia alitoka mkononi mwake, tena kwa saa yake.

Harufu ya mbuta, yule ambaye wengine humwita sangara, aliyetoka ziwani saa hiyo hiyo si harufu ya samaki. Watu wa mjini hawaniamini nikisema hivyo. Ni harufu ya maji ya mvua na majani yaliyokatwa karibuni, na kwa mbali chuma baridi. Ile harufu ambayo watu huziba pua kwa ajili yake huja baadaye, na sisi watoto wa Kisegi, miaka ile ya tisini, tuliijua hiyo ya baadaye zaidi. Kila asubuhi gari la barafu lilishuka mpaka ufuoni, likapakia mbuta wakubwa wote, likaondoka nao kwenda kiwandani. Siku moja au mbili zikipita, akina mama waliuziwa kilichorudi: kichwa, uti wa mgongo na mkia, vyote vimeshikana, nyama imekwisha kutolewa kwa kisu pande zote mbili. Tulimwita mgongo wazi. Tulimkaanga, tukamnyonya mpaka mifupa ikawa myeupe, na kusema kweli alikuwa mtamu. Sikuwahi kujiuliza nyama yake ilikuwa ya nani. Ilikuwa ya gari, basi.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja mama alipojifungua mtoto wa kiume, katikati ya mvua ndefu. Mtoto alikuwa mdogo mno, na kilio chake kilikuwa kama cha kifaranga. Siku ya nne ilifika, na maziwa ya mama yalikuwa bado ni matone tu. Bibi yangu, mama yake baba, ambaye sote tulimwita Dani, alimpikia uji, akamkanda mgongo kwa maji ya moto, akamwombea asubuhi na jioni. Bado mtoto alinyonya, akaachia, akalia. Nyumbani kwetu mwanamke aliyejifungua hupewa supu ya kichwa cha samaki, ili maziwa yashuke. Lakini Dani hakutaka kichwa kilicholala kwenye barafu. Alitaka cha samaki wa siku hiyo hiyo, tena kisiguswe na nyongo hata kidogo, kwa kuwa mama alikuwa akitapika chochote chenye uchungu. Nilimsikia akinong'ona na baba mlangoni, na nikajua kwamba wanamhofia mtoto.

Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilibomoa barabara upande wa Ndhiwa, na gari la barafu halikufika. Mimi nilikuwa nafagia uani niliposikia watu wakicheka njiani. Baba na mwenzake walikuwa wanapanda kutoka ziwani, kasia mabegani, na kwenye kasia ananing'inia mbuta ambaye mkia wake ulikuwa unachora mstari kwenye tope. Nilitupa ufagio. Walipomlaza kwenye majani ya mgomba, nami nikajilaza kando yake kujipima. Alinizidi shubiri nzima. Macho yake yalikuwa bado yanang'aa kama taa, na ubavu wake ulikuwa na rangi ya fedha iliyogeuka zambarau kila wingu lilipopita.

"Inuka hapo," Dani akaniambia, "tusije tukakupasua wewe."

Mpasuaji wa nyumba yetu alikuwa mama, naye alikuwa kitandani. Dani aliwahi kuwa hodari kuliko yeye, lakini macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Baba ilimbidi arudi ufuoni kuwasaidia wenzake kuwatia chumvi samaki waliokuwa wanalingoja gari lisilokuja. Basi Dani akakaa kwenye kigoda, akanikabidhi kisu cha mama, kile chembamba kilicholiwa na kinoo. Sijawahi kufurahi na kuogopa kwa pamoja namna ile, hata siku ya harusi yangu.

Tulianza na magamba. Ya mbuta mkubwa ni mapana kama kucha za vidole gumba, na nilipoyakwangua kutoka mkiani kwenda kichwani yaliruka yakanigandia mikononi, shingoni na kwenye nywele. Dani alinionya kuhusu miiba ya mgongoni na mfuniko wa shavu, unaokata kama wembe. Jirani wawili walikuja kutazama kazi, mmoja akasema leo kipofu anamwongoza mtoto. Dani akamjibu kwamba kipofu huyo amemjua kwa harufu tangu alipotoka bomani kwake, na kama anataka mchuzi akalete kuni kwanza. Akaenda kuleta.

Kisha likaja tumbo. Niliingiza ncha ya kisu kidogo tu, makali yakitazama juu, nikapandisha taratibu kuelekea kooni. Mafuta ya manjano yakamwagika kama maua, na katikati yake ini, kubwa, laini, jekundu lililokolea.

"Umeiona nyongo?" Dani akauliza.

"Nimeiona."

"Ikoje?"

"Ya kijani. Imejaa, kama zambarau mbichi."

"Hiyo hiyo. Sasa usinicheke, usinijibu, na usipumue."

Niliibana shingo ya kile kifuko kwa vidole viwili, nikakata nyuma ya vidole pamoja na kipande cha ini, kama alivyoniagiza, nikakibeba mpaka kwenye shimo la taka kama mtu anayebeba yai la Mungu. Nilipopumua, jirani wote walipumua.

Hapo mtoto akalia, Dani akaingia ndani. Nilibaki peke yangu na fahari yangu. Niliweka panga shingoni mwa samaki, nikaligonga kwa mchi mara tatu, kichwa kikaachana na mwili, nikakitia chunguni. Halafu nikaendelea na mwili kwa namna niliyoijua. Nilizivua nyama za pande zote mbili, nyeupe, nene kama mto wa kulalia, nikazifunga kwenye majani ya mgomba, nikazilaza kivulini na kuzifunika kwa gunia lililoloweshwa. Uti wa mgongo na mkia nikavikatakata kwa ajili yetu.

Supu ilipoiva Dani aliionja, akafumba macho, akasema haina uchungu. Mama alikunywa bakuli la kwanza, tukamtazama. Hakutapika. Akaomba la pili.

Baba aliporudi alinikuta nimeketi na sahani yangu ya mifupa, nikinyonya kwa raha. Akatazama sahani, akatazama chungu.

"Akeyo, nyama iko wapi?"

"Kivulini, baba. Nimeifunika isiingie nzi."

"Unamwekea nani?"

"Gari," nikasema.

Dani alicheka mpaka akashika ubavu. Baba hakucheka. Alinawa mikono, akafungua majani, akakata kipande kikubwa kama kiganja chake, akakichoma juu ya makaa na chumvi tu. Akachuchumaa mbele yangu akanipa.

"Gari halina mtoto hapa," akasema. "Kula."

Ilikuwa tamu kiasi kwamba nilitazama huku na huku, kama niliyeiba. Nyingine tuligawana na jirani, mwenye kuni akapata fungu lake pamoja na maneno ya Dani.

Alfajiri ya siku iliyofuata nguo ya mama ilikuwa imelowa kifuani, na mtoto akanyonya mpaka akalala kinywa wazi. Sijui kama ni supu, au maombi, au siku tu zilikuwa zimetimia. Nimeshukuru kwa vyote vitatu. Na tangu hapo, hata gari lilipokuja kila asubuhi, baba alileta nyumbani samaki mmoja mzima kila wiki. Mara nyingine alikuwa mdogo wa kuaibisha, lakini alikuwa na nyama zake zote.

Yule mtoto sasa ana vizimba vyake vya kufuga samaki ziwani, na sauti yake si ya kifaranga tena. Mimi nakaa Migori mjini. Mbuta wa kunizidi urefu sijamwona miaka mingi, na wanangu huona minofu imepangwa kwenye kioo cha duka, bila kichwa wala mkia, wakadhani samaki huzaliwa hivyo. Nikipata mzima, nawaita wote uani, nawafundisha nyongo ilipo, na kipande cha kwanza cha nyama humpa aliyeshika kisu.

Nawe msomaji, Bwana aibariki kazi ya mikono yako, akujalie kuila wewe na walio wako, na asiwepo mtoto wa nyumba yako atakayedhani kilicho chema kimewekwa kwa ajili ya mwingine. Amina.