Nilivyomwagisha maharage yangu msibani, na mbegu ya mama iliyoondoka nayo

Wakuu, salamu kutoka Endasak, Hanang. Ukungu bado umeukalia mlima, nami niko jikoni napasha mikono. Haya nimeyapitia mwenyewe. Majirani zangu wengine wamo humu, wakiona nimeongeza chumvi wanisute.

Mimi ni dada mkubwa wa nyumba. Wazazi walipofariki niliacha shule form two, nikabaki na wadogo zangu watatu.

Na maharage ya mama.

Mama aliyaleta kutoka Mbulu alipoolewa, ameyafunga kwenye pindo la kanga. Madogo, rangi ya maziwa, na doa jekundu kwenye jicho. Mchuzi wake ulikuwa mzito hata bila nyanya.

Kila baada ya mavuno alichoma magunzi, akachekecha jivu, akalichanganya na maharage kwa mikono mpaka viwiko vikawa vya kijivu. Sisi tulikuwa tunamcheka, "Mama amezeeka leo!" Anatukimbiza atupake mashavuni.

Harufu ya jivu la magunzi hadi leo inanirudisha pale uani.

Sasa mwaka jana nilichoka. Magunzi yalilowa, wadogo wako shule, wadudu hawasubiri. Mnadani kulikuwa na jamaa mwenye spika anauza dawa ya unga kwenye pakiti nyeupe.

"Dada, jivu ni la mababu! Pakiti moja gunia moja, wadudu wanazikana wenyewe!"

Watu wakacheka. Nikacheka, nikanunua. Pakiti haikuwa na maandishi hata moja, na hilo halikunishtua.

Nilitia kwenye magunia yote. Nikatia mpaka kwenye kibuyu cha mbegu.

Wiki chache baadaye jirani yetu mmoja akafariki. Huku kwetu kila nyumba hupeleka chochote msibani, na mimi asubuhi nikapeleka debe la maharage. Niliporudi nikafagia stoo, punje zilizomwagika nikawatupia kuku.

Sijamaliza kumnywesha ndama, kuku wanne wako chini, mabawa yametanda.

Wakuu, nilikimbia kilima kizima bila kandambili.

Nikakuta sufuria la msiba linachemka. Bibi Marselina, msimamizi wa wapishi, ameshika mwiko.

"Bibi, zima moto!"

"Hata shikamoo hakuna?"

"Shikamoo bibi. Maharage yangu yana sumu, kuku wangu wamekufa."

Mzee mmoja akasema, "Huyu binti alitaka tumsindikize marehemu mpaka kulekule." Wengine walicheka, wengine walinitazama vibaya. Ilikuwa aibu ambayo sijawahi kuipata, ila sikuondoka mpaka nilipoona sufuria limemwagwa. Waombolezaji walikula ugali na figiri. Hakuna aliyeugua.

Mtendaji wa kijiji alikuwa palepale msibani, akapiga simu wilayani. Mchana wakaja kwangu kwa pikipiki afisa kilimo na afisa afya.

Mama hakutupa kitu, na mimi nimerithi. Pakiti tupu nilikuwa nimeichomeka kwenye ukuta. Afisa kilimo akaitazama, akanusa kwa mbali. "Hii ni nini sijui, lakini ya kuhifadhia chakula siyo. Mtu amefungasha upya." Wakachukua pakiti na maharage kidogo ya kupima, kisha wakaniambia yote yateketezwe.

Nikakumbatia kibuyu. "Hii ni mbegu tu kaka, sitakula."

"Dada, njaa ikiingia utakula. Au mdogo wako atapika wewe haupo."

Nilimchukia, lakini alikuwa sahihi. Sikusubiri aninyang'anye, nikamimina mwenyewe.

Mnada uliofuata walikuja na polisi. Yule jamaa alipandishwa kwenye gari na maboksi yake, na mtendaji akatumia spika ileile kutangaza watu warudishe pakiti. Zilirudi nyingi kuliko nilivyotegemea. Hapo nawapongeza. Lakini majibu ya vipimo hatujaletewa hadi leo. Nikiuliza naambiwa bado. Mpaka leo sijui niliwalisha nini wadogo zangu kabla ya ile asubuhi.

Nilienda hadi soko la Mbulu kutafuta mbegu ile. Hakuna aliyeijua.

Msimu wa kupanda ulipofika, bibi Marselina akaja na kikombe cha bati kimefunikwa kwa kitambaa. Safari hii nikawahi kusalimia. Akafunua: rangi ya maziwa, doa jekundu.

"Mama yako alinipa kikombe nilipokuwa sina mbegu. Nakurudishia kikombe. Ukitia unga wa mnadani nitakuchapa mbele ya wadogo zako."

Mwaka huu nimevuna nusu debe. Jana nimechekecha jivu. Kitinda mimba wetu, ambaye mama alimwacha hajajua kutembea, alinikuta nimekuwa wa kijivu mpaka viwiko.

"Dada umezeeka leo!"

Hakuna aliyemfundisha. Nilimkimbiza uani kote.

Nilichojifunza: dawa isiyo na jina usiilete nyumbani. Na ukikosea, wahi kusema kabla sufuria halijaiva, aibu haiui.

Anayejua njia ya kudai majibu ya vipimo wilayani anielekeze hapa. Na wewe, kwenu mama alihifadhi maharage kwa kitu gani? Niandikie, huyu mdogo wangu ana daftari, nataka ayanakili.