Mifuniko ya Mapipa ya Chuno

Mapipa matatu ya taka ya pale Chuno, penye wauza samaki, niliyachora mimi. Kwenye mchoro wangu hayakuwa na mifuniko. Kila pipa lilikuwa na tundu lake: la duara la chupa, jembamba la karatasi, pana la maganda na miiba ya samaki, na juu kibati cha kuzuia mvua. Nilitaka mtu apite, atupe, aende zake, na taka zijitenge bila mahubiri.

Mwenzangu wa ofisini, wa meza ya pili, aliuchukua mchoro huo nilipokuwa msibani Naliendele, akaupeleka kwa bosi kama wake. Niliporudi nikakuta anapongezwa. Bosi akaniambia nijifunze kwake. Sijamsamehe mpaka leo, na sina mpango huo.

Hakuishia hapo. Ili mchoro uonekane wake kweli, aliongeza mifuniko ya chuma yenye mishikio, eti kwa ajili ya nzi. Akanionyesha.

"Unaonaje, dada?"

Niliona vizuri sana. Pale Chuno watu hula muhogo na samaki wa kukaanga wakiwa wamesimama. Mkono wa kulia unakula, wa kushoto umeshika taka. Mfuniko utafunguliwa na mkono upi? Nani atashika pipa kwa mkono wa kulia, kisha aurudishe kinywani? Yeye mwenyewe kazaliwa hapahapa, lakini kiti cha ofisini kilishamsahaulisha.

"Mchoro umependeza, kaka," nikasema, nikatulia kama maji mtungini.

Mapipa yakawekwa. Haikuchukua muda, taka zikarundikana juu ya mifuniko na chini kuzunguka mapipa, chupa na karatasi na miiba pamoja, huku ndani kukiwa kutupu. Bosi alifoka. Na kwa kuwa mapipa yalikuwa ya mwenzangu, akamwamuru asimame palepale kila jioni, awafungulie watu na kuwafundisha kutenganisha taka.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Nikaenda, nikanunua samaki, nikamla taratibu mbele yake. Kisha nikanyoosha mkono wa kushoto wenye miiba.

"Nifungulie, kaka."

Akafungua. Jasho lilikuwa likimtiririka. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ulijua tangu mwanzo, eh?"

"Ningejuaje? Mchoro si wako?"

Akaufunga mfuniko bila kunitazama. Mimi nikarudi kwa mama muuza samaki, nikaagiza mwingine.